Doa Kwenye Dari: Shajara ya Kusaka Maji Yanayovuja Katika Nyumba Mpya

Siku ya 1

Tuna wiki 5 tu tangu tuhamie, na leo dari ya ukumbi imetoa doa. Ni la ukubwa wa sahani, katikati hudhurungi, na kingo zake zimekoza kuliko ndani. Nimepanda ngazi nikaligusa, likabonyea chini ya kidole. Juu yake ni bafu la ghorofani. Mvua haijanyesha wiki nzima, kwa hiyo paa halihusiki.

Nimelizungushia mstari wa penseli na kuandika pembeni: saa 2 usiku. Kesho nitajua kama linakua. Nimeamua pia kuanza kuandika humu, maana kila fundi atakayekuja ataniuliza lilianza lini, na sitaki kujibu kwa kubahatisha.

Siku ya 2

Doa limevuka mstari kwa upana wa vidole viwili.

Siku ya 3

Amekuja fundi bomba yuleyule aliyefunga mabomba wakati wa ujenzi. Bafuni juu kuna kabati la ukutani, na ndani yake ndimo ilimo hita ya maji ya lita 80. Ameingiza kichwa humo na tochi, na robo saa baadaye alikuwa tayari anafuta mikono. "Mama, kuna kitu kilikuwa kinatona chini ya hita, maji yanatambaa kwenye sakafu ya kabati yanashukia kwenye dari yako. Nimekiziba. Hakitatona tena."

Nimepapasa kwa mkono nikakuta pakavu. Nimemshukuru kwa moyo mmoja. Sehemu ya dari ya jasi iliyolowa tutaikata na kuweka mpya ikishakauka vizuri.

Siku ya 11

Uvujaji wa pili. Safari hii ni chini ya sinki la kunawia mikono, bafu hilohilo. Ule mpira uliosukwa kwa waya, unaotoka kwenye koki ndogo ya ukutani kwenda kwenye bomba la sinki, umetoa maji kwenye shingo yake. Mpira una miezi michache tu. Tumeununua mwingine, mzito zaidi, na fundi ameufunga.

Naandika na jambo ambalo mwanangu mdogo amelisema leo, ingawa sijui kama lina maana: asubuhi akifungua maji ya moto, bomba "linakohoa". Maji hutoka kwa kishindo sekunde moja au mbili, yanamrukia kifuani, kisha yanatulia na kushuka kama kawaida. Ya baridi hayafanyi hivyo.

Siku ya 19

Ukuta wa jikoni. Rangi imevimba kama lengelenge kwa urefu wa kiganja, kando ya sinki, na pembeni pametoka unga mweupe wa chumvi. Unga huo ni dalili ya maji yaliyopita ndani ya plasta yakiyeyusha chumvi za saruji, kisha yakakauka juu na kuziacha. Ukiuona kwenye ukuta wa ndani, mbali na mvua na mbali na msingi, shuku bomba lililo nyuma yake.

Fundi ametindua plasta. Elbo, yaani kiungo cha kona, ya bomba la plastiki lile wanaloliita PPR ilikuwa inatoa jasho pale bomba linapoingia. Si mchirizi, ni unyevu tu unaokusanyika polepole, unakuwa tone, tone linashuka, jingine linaanza. Nimesimama nikahesabu: tone moja kila sekunde 11. Amekata, ameweka elbo mpya. Kesho plasta.

Siku ya 27

Choo cha chini kinapitisha maji mfululizo, valvu ya tangi lake haishiki vizuri. Fundi ameibadilisha. Hiki ni kitu kidogo lakini kimenichanganya, kwa sababu ni maji baridi na kiko chini, mbali na bafu. Usiku nimekaa nikijiambia labda pampu ndiyo inasukuma kupita kiasi. Nyumba yetu inapata maji kutoka tangi la chini kwa pampu inayojiwasha yenyewe ukifungua koki. Nimekwenda kuangalia geji ya pampu: bar 3. Hiyo ni presha ya kawaida kabisa kwa nyumba, sawa na maji yaliyosimama kwenye bomba la kimo cha kama mita 30. Mabomba haya yanapaswa kubeba zaidi ya hapo bila wasiwasi.

Siku ya 34

Jikoni tena. Kiganja kimoja juu ya palepale tulipoziba.

Nilikaa sakafuni jikoni nikaangalia ule ukuta, na sioni aibu kusema nililia. Plasta ilikuwa bado haijapigwa rangi. Nimempigia mkandarasi. Amenijibu kwamba nyumba mpya "hutulia", kwamba nivumilie mwaka wa kwanza. Nimelitafakari jibu hilo siku nzima na silikubali. Ni kweli nyumba mpya hutulia: plasta hupasuka nyufa nyembamba kama nywele, milango hubana. Lakini jointi ya plastiki iliyochomwa sawasawa ni kitu kimoja na bomba lenyewe, na bomba halianzi kuvuja miezi miwili baada ya kufungwa kwa sababu tu plasta imekauka. Kuna kitu kinachoyasukuma haya maji. Mpaka leo tumekuwa tukiziba pale yanapotokea. Hakuna aliyeuliza kwa nini yanatokea.

Fundi ameziba. Sitapiga plasta mpaka nielewe.

Siku ya 36

Jaribio la usiku. Nimezima hita, nimehakikisha hakuna koki iliyo wazi, matangi ya vyoo yote yamejaa. Kisha nimekaa karibu na pampu na daftari. Pampu haipaswi kuwaka kama hakuna anayetumia maji. Kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri imewaka mara 6, kila mara kwa sekunde chache. Maana yake kuna mahali maji yanatoka.

Siku ya 37

Jaribio lilelile, badiliko moja: nimefunga koki inayopeleka maji baridi kwenye hita, kwa hiyo upande wote wa maji ya moto umetengwa na pampu. Saa 5 hadi saa 11. Pampu haijawaka hata mara moja.

Hili jaribio halikunigharimu chochote ila usingizi, na limenipa jibu ambalo wiki tano za kutindua ukuta hazikunipa: upande wa maji baridi ni mzima. Yanayovuja yako upande wa moto. Kwa mwenye nyumba ambaye pampu yake inajiwasha usiku, anza hapa kabla ya kushika patasi. Kama unapata maji moja kwa moja kupitia mita, tumia mita: funga koki zote, andika namba pamoja na zile tarakimu ndogo za mwisho, rudi baada ya saa mbili. Ikiwa mita yako iko kabla ya tangi, kwanza funga maji yanayoingia tangini, la sivyo utakuwa unapima tangi.

Siku ya 38

Nimechukua mchoro wa nyumba na kalamu mbili, nyekundu ya maji ya moto na nyingine ya baridi. Nimeweka alama kila mahali palipovuja. Chini ya hita: moto. Mpira wa sinki la juu: nimeuliza tena, ulikuwa wa kushoto, wa moto. Elbo ya jikoni: moto. Ya pili jikoni: moto. Choo ndicho pekee cha baridi, na choo kina sababu yake, valvu mbovu ya tangi. Nikikiondoa, ramani yote ni nyekundu.

Nimetafuta pia picha nilizopiga kabla ya ukuta kupigwa plasta. Ziko tatu tu. Laiti ningepiga thelathini, kila ukuta, na futi ya kupimia imewekwa ndani ya picha. Hizo tatu zimenionyesha njia ya bomba la moto kutoka bafuni kushuka jikoni, na jointi 9 ninazoweza kuzihesabu.

Siku ya 41

Leo ndiyo siku ya maana kuliko zote mpaka sasa, nitaandika kwa urefu.

Jirani amenielekeza kwa fundi mwingine, mzee aliyefanya kazi hii tangu enzi za mabomba ya chuma na katani. Amekuja na begi dogo, bila nyundo. Nimemwonyesha mchoro wenye alama na daftari la usiku. Ameusoma ukurasa wote, polepole, akirudi nyuma kwa kidole.

"Mwanangu, hita mnaiwasha saa ngapi?"

"Alfajiri saa 11, mzee, na jioni kabla ya kuoga."

"Na hizi ajali uliziona saa ngapi?"

Nimefungua kurasa. Doa: saa 2 usiku. Mpira: asubuhi kabla ya shule. Jikoni mara zote mbili: asubuhi. Sikuwa nimeliona kabisa, na nimeliandika mimi mwenyewe.

Ametoa geji kwenye begi, ya uso wa duara wenye alama hadi 10. Amefungua mpira wa maji ya moto kwenye sinki la bafuni na kuifunga geji kwenye ile koki ya ukutani, akizungusha tepu nyeupe kwa kufuata mwelekeo wa hesi. Mshale umesimama kwenye 3, sawasawa na pampu. "Washa hita. Na mtu asiguse koki yoyote."

Tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Dakika 40 zimepita, mshale uko 5. Nimemuuliza kama geji ni nzima, ameinua mkono tu nisubiri. Saa moja na nusu: 8. Mshale haukuwa ukiruka, ulikuwa ukitambaa, ukiutazama huoni kitu, ukigeuka na kurudi umesogea. Ulipofika tisa na nusu amenyanyuka mwenyewe na kuzima hita. Kisha ameniambia nifungue koki ya maji ya moto ya bafu. Ikakohoa: kishindo, maji yakaruka, mshale ukaanguka hadi 3 kwa mkupuo mmoja. Kikohozi kile ambacho mwanangu alikisema mwezi mmoja uliopita.

Halafu ameingia kabatini na tochi, na baada ya muda akaniita niangalie. Chini ya hita, pale maji baridi yanapoingia, kuna valvu ndogo ya shaba yenye kishikizo chekundu. Pembeni yake ina mdomo mdogo. Mdomo ule ulikuwa umezibwa: skrubu imezungushiwa tepu, ikapigwa silikoni juu.

Hiyo ndiyo "kitu kilichokuwa kinatona". Hiyo ndiyo kazi ya siku ya 3.

Nieleze nilivyoelewa. Maji yakipata moto yanatanuka. Kutoka nyuzi 20 hadi 60 yanaongezeka kama asilimia moja na nusu. Kwenye hita ya lita 80 hiyo ni lita 1 na kidogo inayotaka mahali pa kwenda. Zamani, hita ilipolishwa na tangi la juu lililo wazi, ziada ilirudi tu tangini kimyakimya. Lakini hita yetu ina valvu isiyorudisha maji nyuma, imo ndani ya kile kifaa kilekile cha shaba. Maji yakiingia hayatoki. Koki zote zikiwa zimefungwa, presha inapanda. Ndiyo sababu kifaa kile kina mdomo: presha ikifika kipimo kilichoandikwa juu yake, na chetu kimeandikwa MPa 0.8, yaani bar 8, mdomo unafunguka na kutoa matone. Kutona kwake wakati hita inafanya kazi ni kazi yake. Kilichokosekana tangu mwanzo ni kibomba cha kuyapeleka matone yale kwenye mfereji wa maji machafu. Badala ya kuwekwa kibomba, mdomo ukazibwa. Na maji yaliyonyimwa mdomo yakaanza kujitafutia midomo mingine, moja baada ya nyingine, ukutani kwangu.

Mzee hakuishia hapo, na sauti yake ilibadilika. Kile kifaa si cha presha tu. Siku kidhibiti joto cha hita kikifa na umeme ukaendelea kuchemsha, mdomo ule ndio unaozuia hita kupasuka. Maji yaliyobanwa kwa bar 9 hayachemki hadi karibu nyuzi 180, na chombo kikipasuka sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wote huchukua nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Kabati lile limepakana na kitanda cha mtoto.

Skrubu imetoka kwa koleo. Valvu tumeibadilisha palepale, hakutaka kuiamini tena. Naomba kila anayesoma hapa akaangalie chini ya hita yake leo. Mdomo uwe wazi, uwe na kibomba kinachoteremka, mwisho wake uonekane, na usiwe na koki yoyote katikati.

Siku ya 42

Nimeweka chupa chini ya mdomo na kuwasha hita alfajiri, koki zote zimefungwa. Mpaka hita ilipojizima nimepata mililita 900 na kitu. Hesabu ilisema lita 1 na kidogo, na mabomba ya plastiki yenyewe yanatanuka yakapokea kiasi. Kwangu inatosha kuamini.

Siku ya 45

Nimemwita fundi wa kwanza aje aione ile skrubu. Nilijiandaa kwa ugomvi na haukutokea. Ameishika, amekaa kimya, akasema aliona kifaa kinavuja na mwenye nyumba analalamika, akaziba. Hakuna aliyewahi kumwambia kifaa kile ni cha nini. Nimemwambia nyumba nyingine alizofunga hita arudi akaangalie moja moja, na ameanza kuziorodhesha kwenye simu yake mbele yangu. Hilo limenipa amani kuliko angeniomba radhi mara kumi.

Siku ya 52

Nilidhani presha ikitatuliwa tumemaliza. Mzee anasema hapana. Bar 9 na nusu ilikuwa kubwa, lakini jointi nzuri ya PPR ingeivumilia. Zilizovuja zilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na hatujui dhaifu nyingine ziko wapi.

Kwa hiyo amezichukua zile elbo mbili zilizokatwa jikoni, nilikuwa nimezihifadhi kwenye mfuko, akazibana kwenye jiliwa na kuzipasua kwa msumeno kwa urefu, kama unavyopasua mhogo. Amenipa ya kwanza. Jointi iliyochomwa vizuri, ukiipasua huoni mpaka kati ya bomba na elbo, ni plastiki moja. Kwenye hii kulikuwa na mstari mwembamba mweusi upande mmoja, unaweza kuupitisha ukucha. Na bomba lilikuwa limeingia milimita 8 tu. Kwa bomba la milimita 20 linatakiwa kuingia kama 14. Ya pili ilikuwa na kosa la kinyume: imechomwa mno na kusukumwa kwa nguvu, plastiki imekunjamana ndani mpaka tundu limebaki nusu, na upande mmoja imezungushwa wakati wa kuingiza, unaona mikunjo imelala kwa mshazari.

Mashine ya kuchomea hupashwa hadi nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hukaa kwenye mashine sekunde 5, la 25 sekunde 7. Kisha unaingiza moja kwa moja bila kuzungusha, ndani ya sekunde 4, na unashikilia mpaka ipoe. Mzee huweka alama ya kina kwenye bomba kwa penseli kabla ya kuchoma, na huhesabu kwa sauti. Nimewahi kumwona fundi kijana akihesabu kwa kichwa huku akiongea na simu. Sekunde tatu za haraka kwenye jengo jipya, na miezi baadaye mtu anatindua ukuta wake.

Uamuzi: njia yote ya maji ya moto inabadilishwa. Ni uamuzi mzito kwa mfuko wetu na tuliuzungumza usiku kucha na mume wangu. Mabomba mapya hayatarudi ndani ya plasta. Yatashuka kwenye kona, ndani ya boksi la mbao lenye kifuniko cha skrubu. Sura ya nyumba itapungua kidogo, lakini nataka kuyafikia siku nikiyahitaji.

Siku ya 60 hadi 63

Kazi yenyewe. Siku nne za vumbi, maji ya kuoga yanachemshwa jikoni. Jambo moja la kuandika: PPR ya kawaida hurefuka ikipata moto, milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Mteremko wetu una mita 6, na tofauti ya joto ni nyuzi 40, kwa hiyo bomba litarefuka milimita 36. Hiyo ni zaidi ya upana wa bomba lenyewe. Mzee ameliwekea mkono wa kupinda katikati ili lipate pa kusogea, na vishikizo vinavyoliachia lipite badala ya kulikaba. Nimetumia pia bomba lenye tabaka la nyuzinyuzi katikati kwenye sehemu ndefu, hilo hurefuka kama robo hadi theluthi tu ya hapo.

Siku ya 65

Jaribio la presha, kabla ya kifuniko chochote. Hita imetengwa, miksa (koki zinazochanganya maji ya moto na baridi) zimeondolewa na midomo yote kuzibwa kwa viziba vya majaribio, hewa imetolewa. Pampu ya mkono, bar 10.

Nusu saa ya kwanza mshale ulishuka na moyo wangu nao. Mzee akasema ni kawaida, plastiki inajinyoosha, akapiga tena baada ya dakika 10, akarudia mara nyingine. Baada ya hapo ndipo jaribio lenyewe: saa 2, na isishuke zaidi ya bar 0.2. Nimekaa mbele ya geji saa zote mbili. Imeanza 10.0, imeisha ikiwa kati ya 9.9 na 10. Kila jointi nimeipitishia karatasi ya chooni, ambayo huonyesha unyevu hata pale kidole hakiuhisi. Zote 11 zimebaki kavu.

Ujenzi wetu haukuwahi kufanyiwa jaribio hili. Nimemuuliza mkandarasi, akasema walifungua maji wakaangalia.

Siku ya 66

Tangi dogo la upepo limefungwa, la lita 8, kati ya hita na ile valvu isiyorudisha maji. Ni chombo cha chuma chenye mpira ndani, upande mmoja maji, mwingine upepo. Maji yanayotanuka huingia humo na kuusukuma upepo badala ya kusukuma jointi. Upepo wake umejazwa bar 3 kabla ya kuunganishwa, sawa na presha ya pampu.

Geji tumeiacha palepale, ya kudumu. Hita imewashwa kuanzia baridi hadi imejizima: bar 3.8. Mdomo wa valvu haukutoa hata tone.

Kuna aliyenishauri nipunguze tu joto la hita hadi 40 ili maji yasitanuke sana. Sitafanya hivyo. Maji ya vuguvugu yaliyotulia ndiyo bakteria ya Legionella, inayoleta nimonia, inayapenda. Hita yetu inabaki 60.

Siku ya 82

Ukuta wa jikoni. Nimebandika kipande cha plastiki angavu kwa tepu pande zote nne, nikakiacha siku mbili. Kama unyevu unatoka ndani ya ukuta, matone hujikusanya nyuma ya plastiki. Kama ni hewa ya jikoni, hukaa mbele. Nyuma kumetoka ukungu mwepesi. Bado. Madirisha wazi, feni usiku.

Siku ya 97

Plastiki tena. Ukungu kwenye kona moja tu.

Siku ya 104

Unyevu kidogo chini ya sinki la juu. Nilisimama na tochi moyo ukidunda. Ilikuwa ni nati niliyoikaza mwenyewe kupita kiasi nilipokuwa nasafisha, mpira wa ndani umekatika. Mpira mpya, nimekaza kwa mkono kisha robo mzunguko wa spana. Pakavu.

Siku ya 112

Plastiki: kavu mbele na nyuma. Dari ya jasi imekatwa na kuwekwa mpya. Kile kipande cha zamani chenye doa na mstari wangu wa penseli nimekitupa, ila nimekipiga picha kwanza.

Siku ya 131

Usiku wa jana nimerudia jaribio la kwanza, saa 5 hadi saa 11, mara hii bila kufunga koki ya hita. Pampu haijawaka. Alfajiri, hita ikiwa imemaliza kupasha, geji inasoma 3.7. Mwanangu amefungua maji ya moto, yametoka taratibu, akageuka kunitazama.

Fundi rangi anakuja Jumatatu.